Umeme Unavuka Malaba, Maji Yanabaki Olkaria

Mpakani Malaba kila kitu hupanga foleni isipokuwa umeme. Malori ya mizigo kutoka Mombasa, matangi ya mafuta yaliyojazwa Eldoret, mabasi ya Kampala, vijana wa bodaboda waliobeba maboksi ya sabuni: wote hungoja zamu, na madereva wengine hulala chini ya trela zao mpaka kuche. Lakini kwenye nyaya za msongo mkubwa zinazotoka Lessos, Kenya, kwenda Tororo, Uganda, umeme unapita bila karatasi. Nilifunga safari kuufuata huo. Nilikuwa nimetoka Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, ambako nilitembezwa kwenye visima na mabomba nikaona jinsi mvuke unavyotolewa ardhini na jinsi maji yanayotoka pamoja nao yanavyotafutiwa pa kwenda. Hayo maji ndiyo yaliyonishika. Nikataka kufika mwisho wa waya, upande wa Kenya, nisikie kama watu wanaoishi huko wamezipata habari zake.

Niliingilia Busia. Matatu ya kutoka Kisumu hupita Maseno, Luanda, Yala na Ugunja, na ukishaacha Bumala nyuma joto linakujulisha kwamba mpaka umekaribia. Kituo cha pamoja cha forodha, kilichozinduliwa na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi Februari 2018, kimepunguza usumbufu mwingi; msafiri anahudumiwa na nchi zote mbili chini ya paa moja. Ila roho ya Busia haiko ndani ya jengo hilo. Iko barabarani, kwenye maturubai yaliyotandazwa mahindi.

Nilisimama mbele ya mama mmoja aliyekuwa akigeuza mahindi yake kwa mguu, taratibu, mstari baada ya mstari. Mengi hutoka Uganda. Nikamuuliza kama yamekauka.

“Ng’ata mwenyewe, baba,” akanijibu. “Likipasuka kwa sauti, limekauka. Likibonyea, bado.”

Nikang’ata. Likabonyea. Akacheka, kisha akatazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya upande wa ziwa, na kicheko kikaisha. Mwezi Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, malori yakakwama hapa na Malaba, na marufuku ilipolegezwa siku chache baadaye yalikuja masharti: cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Mama huyu hana mashine ya kupima wala ya kukaushia. Ana jua, na jua la Busia huondoka kila mchana mvua inapotaka.

Nilimweleza nilichokijua kutoka Bonde la Ufa. Huko Menengai, juu ya mji wa Nakuru, Kampuni ya Ustawi wa Jotoardhi, ambayo wengi huiita GDC, imeonyesha kwamba joto la kisima linaweza kuchemsha maziwa ili kuua vijidudu, kupasha moto vitalu vya mboga na mabwawa ya samaki, kufua nguo na kukausha nafaka. Kandokando ya Naivasha, shamba la maua la Oserian lilianza miaka ya 2000 kutumia joto la kisima cha Olkaria kupasha vitalu vya waridi usiku na kupunguza unyevu unaoleta ukungu. Maji ya kisima yenyewe hayagusi maua. Yanapita kwenye mtambo unaohamisha joto lake kwenda kwenye maji safi, na hayo safi ndiyo yanayozungushwa vitaluni. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo la maana kuliko yote niliyosema: “Na yakishatoa joto hayo ya kwanza, wanayamwaga wapi?”

Swali hilo nililibeba kwenye bodaboda hadi Malaba.

Barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba hupita Alupe, penye chuo kikuu na hospitali iliyoanza zamani kama makao ya wagonjwa wa ukoma, kisha inapanda na kushuka katikati ya mihogo, mtama na miamba mikubwa inayochomoza mashambani. Hii ni nchi ya Wateso. Mvua ilitukuta kabla ya Adungosi. Kijana aliyenibeba akakata kona akaingia kwenye boma la mjomba wake, akaegesha pikipiki chini ya mwembe.

“Yoga, mjomba,” akasalimu.

“Yoga. Mgeni naye akae, mvua haina haraka.”

Wazee kadhaa walikuwa wameketi kwa duara kuzunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Wimbi lililochachuka limejaa chunguni, na mama wa nyumba huja na birika la maji moto, akamimina juu, akaondoka. Wazee wanavuta, maji yanashuka, birika linarudi. Mjomba akaniambia, kama mtu anayefundisha kazi, “Maji yakikatika tunavuta hewa. Na akituwekea baridi, ameua chungu chote, hata kama wimbi bado lina nguvu.”

Sijapata kusikia maelezo bora ya Olkaria kuliko hayo, na aliyeyatoa hajawahi kufika Naivasha. Chini ya Olkaria kuna mwamba wa volkano uliopata joto lake kutoka kwa tope la moto lililo chini zaidi. Mwamba huo ndio wimbi. Maji yaliyojipenyeza kwenye nyufa zake kwa muda mrefu sana ndiyo yanayobeba joto hadi juu, na kisima, kinachochimbwa kilomita moja hadi tatu kwenda chini, ndio mrija. Ukivuta bila kurudisha maji, kisima kinapungua nguvu huku mwamba ungali na joto. Ukirudisha maji baridi karibu mno na kisima unachovuta, unapoza njia yake. Mhandisi wa jotoardhi hupitisha maisha yake ya kazi katika mambo hayo mawili: kurudisha kiasi gani, na kurudishia wapi.

Mvua ilikuwa nzito, kwa hiyo niliwaeleza wazee hatua zenyewe, nami naziandika hapa kwa sababu wengi wetu tunaotumia umeme huu hatujawahi kuelezwa. Kinachotoka kisimani si mvuke mtupu. Ni mchanganyiko wa mvuke na maji yenye chumvichumvi, ukiwa umetoka mahali penye nyuzijoto zaidi ya 250, na visima vingine zaidi ya 300. Mchanganyiko huo huingia kwenye mtungi mkubwa wa chuma unaouzungusha kwa kasi. Maji mazito yanashuka, mvuke mwepesi unapanda na kwenda kuzungusha turbaini. Kila megawati moja huhitaji takriban tani saba au nane za mvuke kwa saa. Kituo kama Olkaria ya Nne, chenye megawati 140, kilichoanza kazi mwaka 2014, humeza kiasi cha tani elfu moja za mvuke kila saa inayopita.

Mvuke ukishafanya kazi hupozwa ukawa maji. Sehemu kubwa ya maji hayo huruka hewani kwenye minara ya kupozea, ndiyo yale mawingu meupe unayoyaona kutoka mbali, na yanayobaki hukusanywa. Hayo ni mepesi lakini huwa na tindikali na gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, haidrojeni salfaidi, inayokula shaba na vyuma. Yale mengine, maji mazito yaliyotengwa mwanzoni, yamebeba chumvi, boroni, floraidi na silika. Silika ndiyo adui wa kila siku. Maji yakiwa ya moto sana huiyeyusha kwa wingi. Yakianza kupoa huiachilia, nayo hugandamana ndani ya mabomba, nyeupe na ngumu, mpaka bomba la upana wa paja linabaki na tundu la kidole. Kuna njia chache za kukabiliana nayo. Unaweza kuyarudisha maji ardhini yakiwa bado ya moto, kabla silika haijaanza kuganda. Unaweza kuyatuliza kwenye bwawa mpaka silika itengane, kisha uyashushe yakiwa baridi kwenye kisima kilicho mbali. Au unaweza kuyatia tindikali kidogo ili kuichelewesha silika, ukikubali kwamba tindikali nayo itayala mabomba yako. Olkaria wanarudisha ya moto kwa mabomba yake na ya baridi kwa mabomba mengine.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Uchimbaji wa majaribio ulianza mwaka 1956, na mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukawashwa 1981. Kufikia 1985 Olkaria ya Kwanza ilikuwa na megawati 45. Enzi hizo maji mengi ya mabaki yaliachwa juu ya ardhi, kwenye mabwawa ya kunyonya, na shinikizo la visima likawa linapungua hadi vikachimbwa vingine vya kuziba pengo. Olkaria ya Pili ilipofunguliwa 2003 ilikuja na visima vya kurudishia maji tangu siku ya kwanza. Olkaria ya Tatu, ya kampuni ya OrPower 4, ilikwenda mbele zaidi: hupozwa kwa hewa, kwa hiyo karibu kila kinachotoka ardhini hurudi ardhini.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, “Ng’ombe wakinywa?”

Huko ndiko yaliko machungu. Sehemu ya Olkaria imo ndani ya Mbuga ya Hell’s Gate, yenye pundamilia na twiga, na pande zote kuna mifugo ya Wamaasai. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya visima vya Olkaria huizidi mara nyingi sana. Watu wa Bonde la Ufa wanaijua floraidi kwa meno ya watoto wao, ya kahawia, hata pale ambapo hakuna mtambo wowote, maana iko kwenye miamba. Bwawa la maji ya mtambo lisilo na ua wakati wa kiangazi humwita mnyama kama linavyomwita mtoto wa mchungaji. Kwa hiyo ua, utandiko usiovuja na bomba lisilopasuka vina uzito uleule wa turbaini, na mimi nasema vina uzito zaidi, kwa sababu turbaini ikiharibika tunakosa taa, bwawa likivuja mtu anapoteza mfugo au afya.

Mvua ilikatika. Tulishukuru, tukaondoka.

Malaba ilikuwa na matope na mlio wa injini. Kutoka upande wetu unaliona Jabali la Tororo waziwazi, limesimama peke yake nyuma ya mpaka, na chini unapita Mto Malaba ambao maji yake huingia Mpologoma na kuendelea hadi Ziwa Kyoga. Nilikaa kwenye kibanda cha chai karibu na foleni. Dereva wa tangi la mafuta, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinionyesha muhuri wa kielektroniki uliobanwa kwenye mlango wa tangi lake. Mzigo ukitoka njiani, ofisi ya ushuru inajua. Na si muhuri tu.

“Mafuta yenyewe yametiwa dawa,” alisema. “Haya ni ya kwenda nje. Nikiyauza Kanduyi, humu humu Kenya, wakija kupima kituo kile watajua yametoka kwenye tangi la nje. Huwezi kuyaficha.”

Nilifurahi kusikia hivyo, maana ndivyo hasa wanavyofanya wanakemia wa jotoardhi. Humimina alama kwenye kisima cha kurudishia, na Olkaria wametumia sodiamu fluoresini, kitu chenye rangi ya kijani inayong’aa hata ikiwa chembe tu. Kisha husubiri, wakichota maji ya visima vya jirani wiki baada ya wiki. Alama ikitokea upesi kwenye kisima cha uzalishaji, wanajua maji baridi yamepata njia ya mkato, nao huhamisha umwagaji kabla kisima hakijapoa. Isipotokea, au ikichelewa sana, maji yamezunguka mbali na kupata moto tena. Nilipomweleza, dereva alitikisa kichwa kwa heshima. “Kumbe nayo yana transiti,” akasema.

Umeme wa mpaka huu una historia ndefu kuliko jotoardhi. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, na kwa mkataba wa 1955 Uganda ikakubali kuiuzia Kenya megawati 30. Kwa miongo mingi Nairobi iliwaka kwa maji ya Mto Nile yaliyopita juu ya vichwa vya watu wa Malaba. Leo umeme huenda na kurudi kufuatana na nani ana ziada saa hiyo, na upande wa Kenya karibu nusu ya unaozalishwa katika miaka ya karibuni ni wa jotoardhi. Ndiyo maana sikuliona jambo la Olkaria kuwa la Naivasha peke yake. Friji ya soda kwenye kibanda kile, taa za kituo cha forodha, mashine ya kusaga karibu na soko, zote zimefungwa kwenye gridi moja na yale mabwawa na mabomba.

Ni tanboi wa lori la saruji aliyeniambia jambo ambalo sikulitarajia kulisikia Malaba. Alikuwa kijana wa Hoima, na niliposema maji moto ya ardhini akanikatiza: “Mzee, hayo kwetu ni chumvi.” Alikuwa anazungumzia Kibiro, kijiji kilicho chini ya genge, ufukweni mwa Ziwa Albert. Huko wanawake wamevuna chumvi kwenye chemchemi za moto kwa karne nyingi. Kila familia ina viwanja vyake, vinavyorithiwa kwa upande wa kike. Hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu, maji ya chumvi yanapanda ndani ya udongo ule, jua linayakausha. Kisha wanaukwangua, wanauchuja kwa maji, na mchujo huo wanauchemsha mpaka chumvi ibaki chunguni. Udongo unarudishwa uwanjani na kutumika tena. Alisema bibi yake alimsomesha mama yake kwa chumvi hiyo.

Kibiro pia ni mojawapo ya maeneo ambayo serikali ya Uganda inayachunguza kwa ajili ya jotoardhi, pamoja na Panyimur, Buranga na Katwe, na visima vifupi vya kupimia joto vimeshachimbwa hapo. Kenya ina uzoefu wa kuuza. Wachimbaji wa KenGen, kampuni ya Kenya ya kuzalisha umeme, wameshafanya kazi Ethiopia na Djibouti. Siku moja huenda mitambo ya kuchimbia ikapanga foleni hii hii ya Malaba, ikielekea Hoima. Nalitamani hilo. Uganda inahitaji umeme usiotegemea Nile peke yake. Lakini kuna mfano ambao lazima uitangulie mitambo hiyo. Huko Wairakei, New Zealand, kituo kilichofunguliwa 1958 kilivuta maji kwa miaka mingi bila kurudisha. Mabaki yakamwagwa Mto Waikato yakiwa na aseniki, ardhi ikadidimia kwa zaidi ya mita 10 mahali pengine, na chemchemi za bonde la karibu, zilizokuwa zikiruka juu na kuvutia watalii, zikakauka. The Geysers kule California, uwanja wa jotoardhi mkubwa kuliko vyote duniani, ulipoteza mvuke kwa kasi mwishoni mwa miaka ya 1980, na uliokolewa kwa kuvutiwa mabomba ya maji taka yaliyosafishwa kutoka miji ya jirani, kwanza mwaka 1997 na tena 2003. Wanawake wa Kibiro hawana mji jirani wa kuwaletea maji. Chemchemi zao zikishuka, na chumvi imekwisha.

Nilimuuliza kijana yule kama kuna mtu amekwenda kuwaeleza akina mama hao maji yatarudishwa wapi. Akasema wameambiwa habari za kazi na za barabara. Lori lake likasogea, akaruka juu, akapunga mkono.

Ombi langu ni kwa wanaotoa vibali Kampala na Nairobi, na kwa wabunge wa pande zote mbili za mpaka huu. Kisima cha kutoa mvuke kisipewe kibali kabla kisima cha kurudishia maji hakijachorwa kwenye ramani na gharama yake kuwekwa kwenye bajeti. Vipimo vya floraidi, boroni na aseniki vya kila bwawa vibandikwe ofisi ya chifu, kwa lugha ya wenyeji, kila msimu. Matokeo ya vipimo vya alama yatangazwe kama yanavyotangazwa megawati. Na kabla mtambo wa kwanza haujavuka Malaba kwenda Kibiro, wanawake wenye viwanja vya chumvi waketi mezani na wahandisi na wapate jibu la swali aliloniuliza muuza mahindi wa Busia.